Gitaa Zito Pwani: Maswali Yenu Kuhusu System of a Down

Maswali ya safari hii mengi yamehusu bendi moja, System of a Down ya Marekani. Yaliyobaki yamehusu vyombo vya kupigia muziki wa aina hiyo. Barua ndefu tumezifupisha; ndugu yetu wa Pongwe atuwie radhi, nusu ya barua yake ilihusu kukatika kwa umeme. Muziki wenyewe tutauita metali mbadala: gitaa nzito za metali zikichanganywa na vitu ambavyo metali ya zamani haikuvikaribisha, iwe funk, rap, jazz au nyimbo za asili za wapigaji.

Habari za kazi. Mwanangu wa kidato cha tatu anasikiliza System of a Down kutwa kucha. Mimi nimekulia kwenye Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kwa hiyo hapa nasikia kelele tu. Ni akina nani hawa, na walipandaje? – Mzazi, Makorora, Tanga

Nzuri, mzee wetu. Ni Waarmenia wanne wa upande wa Los Angeles. Serj Tankian anaimba na kupiga kinanda, Daron Malakian ana gitaa na sauti ya pili, Shavo Odadjian ana besi, John Dolmayan ana dramu. Tankian na Dolmayan walizaliwa Beirut, Odadjian alizaliwa Yerevan, na Malakian peke yake ndiye mzaliwa wa Hollywood. Mauaji ya kimbari ya Waarmenia yaliyoanza mwaka 1915 ni jambo linalosimuliwa majumbani mwao, nalo linajitokeza katika kazi yao tangu albamu ya kwanza.

Tankian na Malakian walianza pamoja katika bendi iliyoitwa Soil. Ilipokufa, mwaka 1994 wakaunda hii, na Odadjian aliyekuwa akiwasimamia akashika besi. Jina lilitokana na shairi la Malakian lililoitwa "Victims of a Down". Odadjian akapendekeza neno la kwanza liwe "System". Kwa miaka kama mitatu hivi walikuwa bendi ya kaseti za majaribio, zikipita mkono kwa mkono, na maonyesho katika kumbi za Los Angeles. Mwaka 1997 mpiga dramu wao wa kwanza aliumia mkono, Dolmayan akaingia. Mwaka huohuo mtayarishaji Rick Rubin akawasaini kwenye lebo yake, American Recordings, na albamu ya kwanza, yenye jina la bendi, ikatoka Juni 1998.

Hapa wengi wanaruka hatua. Albamu hiyo haikupaa yenyewe. Ilibebwa na safari. Walitangulia jukwaani kabla ya bendi ya Slayer, wakapanda tamasha la Ozzfest mwaka 1998, wakawa wanapiga mbele ya watu waliolipa kuona wengine. Mashabiki wa Slayer wanajulikana kwa kuzomea bendi ya utangulizi hadi ishuke. Ukitoka salama hapo, wimbo wako umeshapimwa.

Kwa albamu ya pili, Toxicity, walirekodi nyimbo zaidi ya 30 na kuchagua 14. Tarehe 3 Septemba 2001, siku moja kabla haijatoka, walipanga onyesho la bure Hollywood. Watu wakafurika kupita uwezo wa eneo, onyesho likafutwa, vurugu zikazuka na vyombo vya bendi vikaharibiwa na kuibwa. Wiki ya kwanza albamu iliuza nakala kama 220,000 na kushika nafasi ya kwanza Marekani. Wiki iliyofuata ndiyo ile ya Septemba 11. Wimbo wao mkubwa, "Chop Suey!", ukaingia kwenye orodha ya nyimbo ambazo kampuni moja kubwa ya redio ilizishauri stesheni zake zifikiri mara mbili kabla ya kuzipiga, kwa sababu kiitikio kinataja kujiua. Wakati huo ulikuwa tayari midomoni mwa watu.

Nyimbo zilizoachwa nje ya Toxicity zilivuja kwenye intaneti zikiwa mbichi. Wakazimalizia wenyewe, wakazitoa Novemba 2002 kwa jina Steal This Album!, na muonekano wake ukawa wa diski iliyochomwa nyumbani na kuandikwa kwa maka peni. Aliyewahi kununua diski mtaani Tanga hahitaji kuelezwa utani huo. Mwaka 2005 wakatoa albamu mbili, Mezmerize mwezi Mei na Hypnotize mwezi Novemba, zote zikafika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka 2006 wakasimama. Walirudi jukwaani 2011, na tarehe 23 Aprili 2015 wakapiga bure katika Uwanja wa Jamhuri, Yerevan, kesho yake ikiwa kumbukumbu ya miaka 100 ya mauaji yale. Novemba 2020, vita vya Nagorno-Karabakh kati ya Armenia na Azerbaijan vikiendelea, walitoa nyimbo mbili na mapato yakaenda kwenye mfuko wa misaada wa Armenia.

Sasa hizo kelele. Mzee wetu, unajua wimbo wa dansi unavyokwenda: sehemu ya kwanza polepole, mwimbaji anasimulia, kisha chemko linaingia na haliondoki mpaka mwisho. Hawa wanafanya hivyohivyo, ila wanaingia na kutoka kwenye chemko mara nne au tano ndani ya dakika tatu. Sikiliza "Chop Suey!" kwa sikio hilo. Gitaa kavu linaanza peke yake, dramu zinaingia kwa chini, gitaa zito linapasuka. Halafu vyombo vinabana, Tankian anayatoa maneno mbiombio kama mpiga debe wa stendi, na kiitikio kinakuja kwa sauti ndefu iliyonyooka, tamu kabisa. Mwishoni kuna kinanda. Ukishajua wapi pa kusubiri ile sauti ndefu, kelele zinaanza kuwa na mpangilio.

Nina gitaa la umeme lenye nyuzi za 10 hadi 46. Nikiliteremsha kufuata nyimbo za Toxicity, uzi mnene unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, unagonga freti (vile vyuma vya shingoni), na kila nikibonyeza nasikia nimetoka nje ya sauti. Gitaa bovu? – Barabara ya 9, Ngamiani

Gitaa huenda ni zima. Nyuzi ndizo nyembamba mno kwa kazi hiyo; namba zake ni unene, kwa sehemu za elfu za inchi.

Ufungaji huo kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni C, G, C, F, A, D. Yaani nyuzi zote sita zishushe freti mbili chini ya kawaida, kisha ule mnene peke yake ushushe mbili nyingine. Uzi mnene, ambao kwa kawaida ni E, unatetema mara 82.4 kwa sekunde. Ukifika C ni mara 65.4. Mkazo wa uzi hufuata mraba wa namba hizo, kwa hiyo uzi wako wa 46 umebakiwa na asilimia 63 tu ya mkazo wake. Zaidi ya theluthi imepotea. Ukiupiga kwa nguvu, kwanza unaruka juu ya sauti yake na kushuka taratibu, na ukiubonyeza kidole kinauvuta na kuupandisha. Hapo ndipo unaposikia umetoka nje.

Nunua seti ya 11 hadi 54, au 11 hadi 56 ukiipata. Uzi wa 56 ukifungwa C unarudi karibu asilimia 93 ya mkazo uliouzoea, na wa 11 ukishushwa freti mbili unafika kama asilimia 96. Mikono haitaona tofauti kubwa. Seti ya 12 hadi 56 inafaa pia, hasa kwa gitaa lenye shingo fupi, ila kuvuta nyuzi za juu kwenye solo kutakuchosha vidole.

Nyuzi mpya nene zinaleta kazi tatu, na mafundi wa haraka huifanya moja tu.

Ya kwanza ni mifereji ya kile kipande cha mfupa au plastiki karibu na kichwa cha gitaa. Ilichongwa kwa uzi wa 46. Wa 56 unanasa. Dalili yake ni mlio wa "ting!" unapozungusha funguo, sauti haipandi, kisha inaruka ghafla. Chukua kipande cha uzi chakavu wa 46 au 49, kizungushie msasa laini, sugua mfereji upanuke pembeni bila kuzama. Ukizama, uzi utagusa freti ya kwanza na hakuna msasa wa kurudisha ulichokitoa. Malizia kwa kupaka risasi ya penseli humo ndani.

Ya pili ni shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie uwazi juu ya freti ya saba au ya nane. Unatakiwa upitishe kadi nyembamba, kama robo milimita. Ukiwa mkubwa sana, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko tu, funga nyuzi tena katika sauti zake, subiri, pima upya. Anayezungusha mzunguko mzima kwa mpigo mmoja ndiye anayerudi kwa fundi na shingo iliyopasuka.

Ya tatu ni urefu wa uzi darajani, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye tumbo la gitaa. Linganisha sauti ya kengele ya freti ya 12, ile ya kugusa bila kubonyeza, na sauti ya kubonyeza freti hiyohiyo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha nyuma kipande kinachobeba uzi, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kila ukisogeza, funga uzi upya ndipo upime.

Na ukiwa na daraja linaloelea lenye springi nyuma, usitoe nyuzi zote kwa pamoja. Badilisha mmojammoja, la sivyo daraja litazama na utakesha nalo.

La mwisho, kwa kuwa unaishi pwani: chumvi ya bahari inakula nyuzi hata gitaa likiwa ukutani halijaguswa. Kila ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya nyuzi, gitaa lirudi kwenye boksi lake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Ukutani Raskazone, mkabala na dirisha la bahari, ni pazuri kwa picha tu.

Mimi hupiga fidla kwenye kikundi cha taarabu. Naona baadhi ya melodi za hawa Waarmenia zinanikaa sikioni kama Hijaz. Ni kweli au najidanganya? – Chumbageni, Tanga

Hujidanganyi. Sauti ya bendi hiyo ina ladha ya Armenia na Mashariki ya Kati, na ngazi ya sauti unayoiita Hijaz imo katika ukanda wote huo. Kwa gitaa lililofungwa C, tumia uzi mnene peke yake: uzi wazi, kisha freti ya 1, 4, 5, 7, 8, 10 na 12. Ule mruko mpana kutoka freti ya 1 kwenda ya 4 ndio unaotoa huzuni unayoijua. Mwambie kijana mwenye gitaa azipige kwa ukali huku kiganja kikigusa nyuzi karibu na daraja ili zisirefuke, wewe ujibu kwa fidla juu yake.

Tatizo litatokea hapohapo. Kwenye fidla na udi, sauti ya pili ya Hijaz mara nyingi hupandishwa kidogo na ya tatu huteremshwa kidogo, ule mruko ukapungua upana. Freti za gitaa hazina huruma hiyo. Mkipiga sauti moja kwa pamoja mtasikia mtetemo wa kugombana, na gitaa likiwa limekwaruzwa na amplifaya ugomvi unakuwa mkubwa mara tatu. Ama fidla ifuate freti, ama gitaa libaki kwenye sauti ya kwanza, ya nne na ya tano, liiachie fidla zile mbili za ubishi. Njia ya pili ni nzuri zaidi kwa masikio yetu. Tanga ilishaweka gitaa la umeme na besi ndani ya taarabu tangu enzi za Black Star na Lucky Star, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa ukiongeza lililo zito.

Nimepata amplifaya ya mtumba kutoka Marekani. Nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Adapta ya plagi inatosha? – Pongwe

Usiichomeke! Adapta inabadili umbo la plagi, haigusi volti. Kwetu ni 230. Bahati ikiwa upande wako fyuzi itakatika. Isipokuwa, transfoma ya ndani itaungua na kukuachia harufu.

Tafuta transfoma ya kushusha 230 kwenda 120, ile nzito yenye koili. Soma nyuma ya amplifaya inakula wati ngapi. Usifuate wati za spika, kwani amplifaya ya taa (valvu za kioo) yenye wati 50 za spika inaweza kula 150 au zaidi. Ikila 180, chukua transfoma ya VA 300 (ndicho kipimo chake cha uwezo) kwenda juu. Zile 60Hz nazo zina neno: chombo kilichotengenezwa kwa 60 tu huchemka zaidi kikipewa 50 za kwetu. Baada ya dakika 20 za kwanza ishike juu. Ikiwa mkono hauvumilii, zima. Kama kuna mlio wa "mmm" usioisha hata gitaa likiwa limezimwa, mara nyingi ni soketi isiyo na waya wa ardhini. Mwite fundi umeme, na usikate mguu wa tatu wa plagi kama wengi wanavyofanya ili mlio upungue; mguu huo ndio unaokuzuia kupigwa shoti ukigusa nyuzi na maiki kwa wakati mmoja. Amplifaya ya taa usiifungue hata ikiwa imechomolewa, ndani kuna kapasita zinazoshikilia mamia ya volti.

Marafiki zangu wananicheka kwamba roki nzito ni ya wazungu. Niwajibu nini? – Binti wa Mikanjuni

Wapigie Living Colour, dada. Ni Wamarekani weusi wa New York, mpiga gitaa wao Vernon Reid akiwa mzaliwa wa London. Albamu yao ya kwanza, Vivid, ilitoka 1988, wimbo "Cult of Personality" ukapata Grammy mwaka 1990, na kabla ya hapo walishazunguka Marekani wakiitangulia Rolling Stones. Kisha wapigie Skunk Anansie ya Uingereza, inayoongozwa na mwanamke mweusi, Skin. Kwa Afrika yetu, Botswana ina mashabiki wa metali wanaovaa ngozi nyeusi na kofia pana juani, na bendi zake kama Overthrust zimefika hadi majukwaa ya Ulaya. Wakiendelea kucheka baada ya hapo, tafuta marafiki wengine wa kusikiliza nao muziki.

Nasoma sanaa hapa Bagamoyo. Nikijaribu kuimba kwa kuunguruma, koo linakauka na kesho yake siwezi kusema. Nanywa tangawizi na asali lakini wapi. – Mwanafunzi, Bagamoyo

Tangawizi haifiki unakodhani. Chakula na kinywaji hupita njia yake, na nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa. Kingepita huko ungepaliwa. Maji yanasaidia kwa kuulainisha mwili mzima, kwa hiyo yanywe saa chache kabla, wala usingoje upande jukwaani. Kinachofika moja kwa moja ni mvuke: inama juu ya beseni la maji ya moto, dakika tano.

Kosa lenyewe liko kwenye nguvu. Mngurumo salama hautoki kwenye nyuzi za sauti zilizobanwa. Unatoka kwenye mikunjo iliyo juu yake, ile inayolia unapoguna baada ya kunyanyua kitu kizito. Anza na mguno huo kwa sauti ya mazungumzo, hewa ikisukumwa na tumbo, shingo ikiwa laini. Ukijitazama kwenye kioo na kuona mishipa ya shingo imesimama, acha. Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha kwa miezi ya mwanzo. Ukisikia mkwaruzo wa maumivu, siku hiyo imekwisha. Ukubwa wa sauti ni kazi ya maiki: iweke sentimita tatu hadi tano kutoka mdomoni, na usiifumbate kichwa kwa kiganja kama wasanii wa video, utaharibu sauti na kuita mluzi wa spika.

Msikilize Tankian kwa makini utagundua jambo: sehemu kubwa ya wimbo anaimba, tena kwa sauti safi ya kifua, na ukali anauweka kwenye maneno machache. Sauti ikikwama zaidi ya wiki mbili au tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kuna wimbo wa bendi ya Tool uitwao "Schism". Bendi yetu nzima inapotea kila baada ya sekunde kumi. Tunahesabuje? – Mpiga dramu, Usagara

Msihesabu nne, hazimo. Wimbo huo wa mwaka 2001 umejengwa juu ya rifu (kipande kifupi kinachojirudia) la besi la Justin Chancellor linalokwenda mipigo mitano kisha saba, jumla 12, na kurudi. Semeni kwa mdomo kabla ya kushika chombo: "taka takita" kwa tano, "taka taka takita" kwa saba. Pigeni kofi kwenye "ta" ya kwanza ya kila neno tu. Metronomu iwe inagonga kila silabi, mwendo wa 160, hadi mweze dakika mbili bila kukosea.

Mnapopotea, karibu kila mara ni mwisho wa saba: mtu mmoja, kwa mazoea, anaongeza pigo la nane ili pakae sawa. Mtafuteni. Mara nyingi ni mpiga dramu, samahani ndugu.

Mliosoma ngoma mnayo njia ya mkato. Ile kengele maarufu ya mipigo 12 ya Afrika Magharibi, 2-2-1 halafu 2-2-2-1, nayo ni tano na saba. Mtu apige kengele hiyo pembeni, besi likae juu yake.

Trei za mayai zinazuia sauti isitoke nje? Majirani wamechoka nasi. – Mabawa

Hazizuii. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, basi, na zinashika moto upesi. Sauti inazuiwa na uzito na kuzibwa kwa nyufa: chumba cha tofali au mawe, mlango mzito, mpira pembeni mwa fremu, madirisha yazibwe kwa mbao nene na godoro kuukuu. Dramu na besi vikae juu ya godoro au matairi chakavu ili mtetemo usishuke sakafuni. Vijiti vya dramu vya fito zilizofungwa pamoja vinapunguza ukali sana. Kisha kubalianeni saa na majirani, mkiacha nafasi ya adhana pande zote mbili. Masikio yenu wenyewe yazibeni: kiwango kinachotumika kazini ni saa nane kwa desibeli 85, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo dramu inazifikia bila shida, ni dakika 15.

Kwa nini System of a Down hawajatoa albamu tangu 2005 na bado wanapiga pamoja? Nauliza kwa sababu bendi yetu ina watu wanne na tumeanza kununiana kuhusu nani katunga nini. – Muheza

Jibu lao na lenu ni moja. Kwenye albamu za mwaka 2005 Malakian alitunga sehemu kubwa ya nyimbo. Mwaka 2018 yeye na Tankian walilizungumza suala hilo hadharani, na Tankian akaeleza kwamba miongoni mwa alivyotaka ili warudi studio ni usawa katika utunzi na katika mgawo wa mapato ya utunzi. Hawakukubaliana. Fedha ya onyesho inagawanyika usiku uleule na kila mtu anaenda nyumbani. Fedha ya utunzi inaendelea kuingia kwa miaka, kwa aliyeandikwa. Kwa hiyo jukwaani wanaelewana, na studio hawaingii.

Nyinyi andikeni karatasi moja kwa kila wimbo, kabla ya kurekodi. Juu, jina la wimbo na tarehe. Chini yake, asilimia 100 za utunzi zigawanywe: kawaida nusu ni ya maneno na nusu ni ya muziki, yaani melodi na rifu. Mnaweza pia kukubaliana kila wimbo ni 25 kwa kila mmoja, bila kujali nani alikuja na wazo. Hasara yake ni kwamba mtunzi hodari atachoka siku moja, faida yake ni kwamba mpiga dramu hatajiona kibarua. Haki ya rekodi yenyewe iandikwe mstari wake peke yake, kwa sababu aliyelipa studio huenda si aliyetunga. Wote wanne watie saini, kila mmoja aipige picha kwa simu yake, na wimbo usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina yaleyale yaliyo kwenye karatasi.

Onyesho nalo liwe na hesabu iliyozoeleka. Tuseme mmelipwa 400,000. Toa usafiri 80,000 na kukodi dramu 60,000, zinabaki 260,000. Asilimia kumi, 26,000, iende mfuko wa bendi kwa nyuzi, vijiti na matengenezo. Zinabaki 234,000, kila mtu 58,500, hata yule aliyechelewa. Faini ya kuchelewa iwe jambo lingine lililoandikwa pembeni. Na jina la bendi: andikeni nani anabaki nalo mtu akiondoka.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuwasikia kabisa, aanze na albamu ipi? – Msambweni

Toxicity, kisha ile ya kwanza ya 1998. Tumia spika za masikioni. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini kama ile C ya mitetemo 65, na besi ya Odadjian inashuka oktavu nzima zaidi ya hapo, yaani nusu ya mitetemo hiyo. Utabaki unasikia matoazi na mtu anayepiga kelele, kama mzee wetu wa Makorora.